Zima Kamera, Usizime Mdomo

Wanangu mliochaguliwa vyuo mwaka huu, hongereni sana. Wahitimu wenzangu wa shule yetu wameniomba niwafungulie ile semina ya mtandaoni ya Jumamosi, kabla hamjatawanyika kwenda Mlimani, Dodoma, Sokoine, Mzumbe na kwingineko. Nimekubali, ila kuna maneno nataka yatangulie, kwa sababu nawafahamu. Nimefundisha uchumi mwaka wa kwanza miaka mingi, na tangu nistaafu nimealikwa kwenye semina kadhaa za namna hii. Mambo huwa ni yale yale. Watu wanajaa, mimi nazungumza, mwishoni nauliza kama kuna swali: kimya. Nikishafunga tu, simu inaanza kuingiza meseji. "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, kuna sehemu sikuelewa." Huyu anauliza kuhusu usajili, yule naye usajili, na wa tatu anauliza hicho hicho cha usajili. Kumbe ukumbi mzima ulikuwa na swali moja, na kila mtu akadhani mjinga ni yeye peke yake.

Hilo la kunyamaza ndilo nataka tulimalize, kwa kuwa ndilo linalowaangusha vijana wenye akili nzuri kabisa.

Mmetoka shule ambako mlikuwa mnatafutwa. Kengele inalia, mwalimu wa zamu anapita mabwenini, usipoonekana darasani mzazi anapigiwa simu. Chuoni hakuna anayekutafuta. Mhadhiri anasimama mbele ya mamia ya watu, anafundisha, anafunga kompyuta yake, anaondoka. Hakuchukii, hakujui tu. Atakujua siku utakapomfuata na swali. Ndiyo maana tangu zamani vyuo vyetu vimekuwa na semina baada ya mihadhara, vikundi vidogo ambamo mwanafunzi anatakiwa afungue kinywa. Sasa semina nyingi zimehamia kwenye simu, hasa tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona hadi tukafungua tena Juni 1. Semina ya mtandaoni ina faida kubwa: mtoto wa Kibondo na wa Masasi wanakaa darasa moja bila nauli. Lakini ina maficho ambayo darasa la matofali halina. Unaweza kuingia, ukazima kamera na maiki, ukaendelea kukaanga chipsi zako, na mahudhurio yakaonyesha ulikuwepo.

Kuhusu kamera sina ugomvi na mtu. Najua video kwa saa moja inaweza kumeza karibu GB nzima, na bando si la bure. Zima. Sauti haili sana, kwa hiyo maiki haina udhuru huo. Na msijidanganye na ile rekodi. "Nitaisikiliza baadaye" ni ahadi ambayo sijaona wengi wakiitimiza, na hata ukiitimiza, rekodi huwezi kuiuliza swali.

Najua pia kinachowafunga ndimi. Ni Kiingereza. Mmesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha sekondari mkafundishwa kwa Kiingereza huku ufafanuzi wenyewe ukitolewa kwa Kiswahili, mkakariri, mkafaulu. Leo unaambiwa uliza mbele ya watu, na unamwona yule aliyesoma shule za gharama anatiririka. Unaona bora ukae kimya kuliko kuchekwa. Fanya hivi: swali liandike kwanza kwenye daftari, sentensi mbili tu, halafu lisome. Usitafute ufasaha. Katika miaka yangu yote sikumbuki mhadhiri aliyeacha kujibu swali zuri kwa sababu ya kitenzi kilichokosewa. Jumamosi, kwa upande wetu, ulizeni kwa Kiswahili.

Ila lazima liwe swali. "Mama, mada yote sijaelewa" siyo swali, ni kunirudishia mzigo. Kuna kijana mmoja, mpole, alikaa wiki kadhaa bila kusikika. Siku tunaongelea ile kanuni kwamba bei ikipanda watu hununua kidogo, akafungua maiki: "Mama, nyumbani bei ya chumvi ikipanda tunanunua ile ile. Ina maana hii kanuni kwetu haifanyi kazi?" Kuna aliyecheka. Mimi nilifurahi, maana alikuwa amejipeleka mwenyewe hadi mlangoni mwa mada inayofuata: kwa nini kuna bidhaa zikipanda watu huziacha mara moja, na nyingine wanavumilia nazo. Tulikaa hapo mpaka kipindi kikaisha, tukazungumzia chumvi, nyanya, nauli ya daladala, soda. Wenzake walikuwa wameikariri sura hiyo, naye aliielewa. Angalieni alivyouliza: alichukua alichosikia, akakipima na jambo analolijua kwao, akaonyesha mahali ambapo viwili hivyo havikutani. Mtu yeyote anaweza kuuliza hivyo, na wala hahitaji kuwa mtoto wa profesa.

Sasa niwape hesabu moja ambayo wengi hugundua wakiwa mwaka wa tatu. Kwenye muhtasari wa kozi mtaona neno krediti. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 inakudai saa 120. Ukiwa na vipindi vya saa tatu kwa wiki, kwa wiki 15, umepata saa 45. Zilizobaki 75 hazimo kwenye ratiba yoyote ukutani. Hizo ndizo za maktaba, za mazoezi, za kikundi, na za kuandaa swali la semina. Anayeona ratiba ina nafasi siku nzima ya Jumatano akadhani ni mapumziko, atakutana na hizo saa Januari, kwenye kesha, na kesha halijawahi kumtosha mtu.

Na msisubiri mtihani wa mwisho uwaokoe. Vyuo vyetu vingi vinagawa alama 40 kwa kozi weki na 60 kwa UE, yaani huo mtihani wa mwisho wa chuo, kwa hiyo zile testi na kazi za vikundi mnazozidharau Novemba ndizo zinaamua kama utapata usingizi Februari. GPA nayo haisahau. Ulichovuna mwaka wa kwanza kinahesabiwa hadi siku unavaa joho. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, na nafasi za ukufunzi msaidizi vyuo vya umma huombwa kwa 3.8. Nimeona watu wakikwama kwenye 3.7 kwa ajili ya kozi moja ya Development Studies waliyoiona ya kupita njia.

Madesa, yaani notsi za waliowatangulia, yapo na yatakuwepo. Someni, lakini mjue aliyeyaandika naye alikuwa mwanafunzi, pengine alisinzia siku hiyo. Na bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, mkishalisaini, kumbukeni hesabu yake, tangu 2022, ni Sh 10,000 kwa siku, hata kama limeingia la siku nyingi kwa mkupuo. Ukiugua au ukifiwa, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi mapema. Kuahirisha mtihani kunaombwa kabla. Baada ya kuukosa unakuwa unajitetea, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa Jumamosi nataka vitu viwili. Kila mmoja awe na swali lake limeandikwa, hata kama ni la vyumba, la mkopo, au la namna ya kumsalimia profesa kwenye barua pepe. Kisha mjipange wanne wanne kwa vyuo mnavyokwenda, mpeane namba, ili semina ikiisha kikundi kiwe kimeshaanza. Tunaanza saa mbili kamili usiku, siyo saa mbili na nusu. Na tafadhali andikeni majina yenu mliyopewa na wazazi. Nitakuwa nikiwaita mmoja mmoja, na nitaanza na yule atakayejitokeza kwa jina la Galaxy A05.