Usukani Mrefu na Suala la Uhuru

Pikipiki aina ya kruza, kama zile za Harley-Davidson za Marekani, kwa kawaida hutoka kiwandani na usukani wa kadiri. Wapo wamiliki wanaoung'oa na kufunga mwingine unaopanda inchi 12, hata 16, mpaka mikono ikafika usawa wa mabega au juu yake. Sababu inayotajwa sana ni uhuru. Basi yafaa kuuliza uhuru huo ni wa namna gani, na mwisho wake ni wapi.

Taswira yenyewe ilienezwa na sinema. Mwaka 1969 filamu ya Easy Rider ilimwonyesha mwigizaji Peter Fonda akikatiza Marekani juu ya chopa, yaani pikipiki iliyobadilishwa umbo, yenye usukani wa juu. Chopa za filamu hiyo zilitokana na kazi ya Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani Weusi wa Los Angeles, ambao majina yao hayakutajwa kwenye filamu. Anayefunga usukani kwa kufuata picha ile ya sinema ametamani, lakini bado hajachagua. Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, alitenganisha mambo hayo mawili: uchaguzi ni tamaa iliyokwisha kupitia tafakuri juu ya yale yaliyo ndani ya uwezo wa mtu.

Tafakuri hiyo huanzia mwilini. Mwanafalsafa Maurice Merleau-Ponty aliandika mwaka 1945 kwamba fimbo ya kipofu aliyeizoea huacha kuwa kitu cha nje. Ncha yake huwa mahali pa kugusia. Usukani unaomfaa mwendeshaji hufanya vivyo hivyo, akaihisi barabara kupitia viganja. Ukizidi urefu, viganja hufa ganzi, kifua hubeba upepo wote, na katika kona kali ya mwendo mdogo mkono wa nje huvutwa mbali hadi bega linaufuata. Fundi makini hamalizi kazi kabla ya kuuzungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, akitazama waya wa klachi na mpira wa breki. Ukikazika hata mmoja, hufungwa mrefu zaidi. Hapo hakuna mjadala.

Lipo pia suala la sheria. Mwanafalsafa John Stuart Mill, mwaka 1859, alishikilia kwamba mtu mzima asizuiwe kwa nguvu isipokuwa kuwakinga wengine na madhara. Jimbo la California, Marekani, haliruhusu mikono ipite inchi 6 juu ya mabega, na wapo wanaoliona hilo kuwa kuingilia mwili wa mtu. Hoja yao ina uzito uani kwa mwenye pikipiki. Barabarani inapungua nguvu, kwa sababu mkono uliokufa ganzi ukichelewa kushika breki, anayeumia aweza kuwa mtoto anayevuka. Mill mwenyewe angelazimika kukubali kikomo fulani.

Kinachobaki ni namna ya kupima. Yapo majimbo yaliyopima kutoka kwenye kiti, kana kwamba viwiliwili vyote ni sawa. Mtu mrefu na mfupi wakapewa namba moja. Kipimo cha bega ni cha haki zaidi, maana kinamfuata mwendeshaji mwenyewe, na ndicho anachopaswa kuanza nacho kila anayenunua usukani, hata pale ambapo sheria haimdai.