Shikamoo ya Mwalimu

Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kuingia uwanjani na fimbo zisizozidi 14. Kikomo hicho hakikuwapo tangu mwanzo. Wamarekani walikiweka mwaka 1938, na wakuu wa mchezo huo kule St Andrews, Uskoti, wakafuata mwaka uliofuata. Kabla ya hapo walikuwapo mabingwa waliotembea na fimbo zaidi ya 20, mzigo wote ukiwa begani kwa kedi, yaani mbeba mikoba ya mchezaji. Mojawapo ya hoja za waliotaka kikomo ilikuwa kwamba fimbo zimeanza kuchukua nafasi ya ustadi: mtu asiyeweza pigo fulani, badala ya kujifunza, ananunua fimbo ya kulipiga. Hoja hiyo haijazeeka hata kidogo.

Kwetu Tanzania, wengi wanaoanza gofu huanza ukubwani. Mtu ana cheo, ana nafasi kidogo ya kifedha, daktari amemshauri atembee, na wenzake kazini kila Jumatatu wanasimuliana habari za mashimo asiyoyajua. Basi anakwenda dukani na kutoka na seti nzima: begi, glovu nyeupe, viatu, na fimbo zote 14 zikiwa bado ndani ya nailoni. Hajapiga mpira hata mmoja. Yeyote anayefundisha mchezo huu angemwambia kwamba fimbo sita au saba zinamtosha kwa muda mrefu: ya kusukumia mpira shimoni, ya kuutoa mchangani, namba 7, namba 9, na mbili tatu za masafa. Angemwambia pia kwamba mpini mgumu hutengenezewa mwenye kuzungusha fimbo kwa kasi, kasi ambayo yeye bado hana, na kwamba mama anayerithi seti ya mumewe atahangaika bure na urefu na uzito usio wake. Angempeleka hata kwa mwanachama anayeuza seti yake ya zamani. Lakini hayo yote angeyasikia kama angeanzia kwa mwalimu, naye ameanzia dukani.

Chick Evans, aliyekuwa kedi utotoni huko Chicago, alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 1916 akiwa na fimbo saba. Seve Ballesteros naye alijifunza kwa fimbo moja, namba 3, kwenye mchanga wa ufukwe wa Pedreña, kaskazini mwa Hispania. Uwanja mzuri ulikuwa jirani kabisa, ila mtoto kama yeye aliingia humo kubeba mikoba ya wengine. Kucheza ilibidi anyemelee. Kwa fimbo hiyo moja alilazimika kutafuta pigo la juu na la chini, la karibu na la mbali, mpaka mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 22, akashinda The Open, ubingwa wa wazi wa Uingereza. Ni rahisi kuipamba hadithi hii. Wako watoto wengi waliokuwa na fimbo moja na wakaishia na hiyohiyo, wala hakuna aliyeandika habari zao. Hata hivyo inabaki kwamba mikono ya Ballesteros ilitangulia, begi likafuata.

Kwa nini basi mtu mzima, mwenye akili zake, akimbilie begi? Tumezoea kusema ni majivuno, na sidhani kama tunamtendea haki. Dukani ni mahali ambapo bado yeye ni bosi. Anauliza, anajibiwa, anaonyesha kidole, analetewa. Kwenye uwanja wa mazoezi mambo yanageuka.

Kaa pembeni asubuhi moja uangalie. Mwalimu ni kijana, na katika viwanja vyetu walimu wengi walianza kwa kubeba mikoba ya watu kama huyu anayekuja kufundishwa. Kijana anainamisha kichwa: "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Shuleni sisi ndio tuliosimama kumwamkia mwalimu, hapa mwalimu ndiye anayeamkia. Kisha, kwa adabu ileile, anaipokea ile fimbo kubwa ya bei kali, anairudisha begini, na kumkabidhi mzee namba 7. Miguu pamoja. Nusu pigo tu. Mzee anapiga, mpira unabingirika hatua chache na kulala nyasini. "Mzee, kichwa kimeinuka. Rudia." Anarudia. "Mikono imekaza. Rudia." Mtu ambaye ofisini hakuna anayethubutu kumwambia arudie barua anaambiwa rudia mara kumi, na aliyezoea kumwambia "ndiyo, mzee". Pale Lugalo, kwenye uwanja wa Jeshi la Wananchi, ambako cheo ni jambo la kila siku, nadhani mgeuko huu una ladha yake ya pekee.

Na kinachofundishwa chenyewe kinapingana na mazoea ya mwenye mamlaka. Anayeanza hutaka kuunyanyua mpira, kwa hiyo anauchota, na unapogoma anaongeza nguvu. Mwalimu anamwambia auteremkie. Uso wa fimbo umeshalazwa na aliyeitengeneza. Ukishuka barabara, mpira utapaa wenyewe. Maelezo hayo mtu huyaelewa kwa dakika moja, lakini mwili huchukua miezi kuyakubali. Kuna watu wanaoacha katika miezi hiyo, wakisema mgongo unauma. Labda kweli unauma. Wengine hurudi dukani kutafuta fimbo nyingine, na huko hupokewa kwa furaha.

Linalonikera ni jinsi malipo yanavyokwenda. Dukani bei ilikuwa imebandikwa, na mzee alilipa bila neno, kwa kadi. Kwa mwalimu, ambaye saa yake moja haifikii bei ya ile fimbo kubwa iliyolala begini, anaanza kupatana: kijana, nipunguzie bwana, mimi ni mtu wa hapahapa. Ingekuwa vigumu kumwambia hivyo daktari, au wakili. Je, ni kwa sababu elimu ya kijana haina cheti ukutani, au ni kwa sababu tunamkumbuka akiwa na mkoba wetu begani? Na kijana, kwa kuwa ameshatoa shikamoo, hupunguza.