Mgeni Ulingoni na Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walipousia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe, hawakuhimiza ubahili. Walikuwa wakiweka mpaka baina ya hali mbili za mtu awapo katika nyumba isiyo yake: hali ya kutazamwa na hali ya kutenda. Siku mbili za mwanzo mgeni ni pambo. Hutandikiwa mkeka mpya, huchinjiwa kuku, na watoto huchungulia mlangoni wapate kumwona. Siku ya tatu pambo huisha, akabaki mtu na mikono yake. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: mtu mashuhuri aingiapo katika kazi isiyo yake, akafunguliwa mlango kwa ajili ya jina lake tu, je, naye anadaiwa jembe? Na akilikwepa, ni nani alimaye badala yake?

Pengine hakuna mahali ambapo swali hili huonekana waziwazi kama katika mieleka ya kulipwa ya Marekani, ile ambayo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki waliijua kwa kanda za video na kwa runinga. Mieleka hiyo ina desturi ya kumwalika mgeni mashuhuri. Tarehe 31 Machi 1985, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, lilifanyika tamasha la kwanza la WrestleMania. Katika pambano kuu, mwigizaji Mr. T aliingia ulingoni pamoja na Hulk Hogan kuwakabili Roddy Piper na Paul Orndorff, na Muhammad Ali akawekwa kuwa mwamuzi wa nje ya ulingo. Mgeni na mwenzake wakashinda. Mwaka 1998, mjini Boston, mwanamasumbwi Mike Tyson ndiye aliyehesabu ushindi wa Steve Austin. Mwaka 2007, mjini Detroit, mfanyabiashara Donald Trump alimnyoa nywele mwenye kampuni, Vince McMahon, baada ya wanamieleka wawili kupigana kwa niaba yao. Miaka kumi baadaye mnyoaji huyo alikula kiapo cha urais wa Marekani.

Kwamba matokeo ya mieleka hiyo hupangwa si siri. Mwaka 1989 kampuni yenyewe ilikiri mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kuwa kazi yake ni burudani, wala si mashindano. Kwa hiyo hapana haja ya kulia kwamba watu wanadanganywa. Mtazamaji wa mieleka hadanganywi zaidi ya mtazamaji wa tamthilia, ambaye anajua fika kwamba aliyekufa jukwaani atakwenda kula chajio nyumbani kwake. Suala la maadili halimo katika kupangwa kwa matokeo. Limo katika kuanguka.

Kuanguka ni ufundi. Mwanamieleka hujifunza kwa miaka jinsi ya kubwagwa chali, jinsi ya kuutawanya uzito mgongoni, na jinsi ya kumfanya mwenzake aonekane ana nguvu za simba. Pigo huweza kuwa la kupangwa, lakini mbao zilizo chini ya turubai ni mbao, na mgongo ni mgongo. Sasa mgeni anakuja. Hana ufundi huo, wala hana siku za kujifunza. Ili ang'are, sharti mmoja wa wenyeji aanguke kwa ajili yake. Mgeni hurudi kwake na sifa, mwenyeji hurudi kwake na maumivu. Sifa za mgeni basi ni mkopo uliotolewa katika mwili wa mtu mwingine, na mkopo huo aghalabu haulipwi, kwa kuwa hata haukuandikwa popote.

Watu wa pwani wana mizani ya kulipima jambo hili. Katika kirumbizi, ngoma ya fimbo, wawili huingia katikati ya duara huku zumari likilia. Aingiaye hukabidhiwa fimbo sawa na ya mwenziwe. Akiwa tajiri au akiwa mchukuzi wa bandarini, ngoma haibadili mapigo kwa ajili yake. Ndivyo ilivyo pia katika majibizano ya washairi. Ajibuye shairi la mwenziwe hubanwa na bahari ile ile, vina vile vile na mizani ile ile. Hata akiwa liwali, hakuna ampunguziaye silabi moja. Duara la namna hii halimkatai mgeni, bali hukataa kumheshimu mgeni kwa kuivunja sheria yake. Humo ndimo kunakotofautiana karamu na ulingo: karamuni mgeni huhudumiwa, ulingoni mgeni hujaribiwa.

Maisha ya Muhammad Ali yanaonyesha tofauti hiyo vizuri, kwani mtu huyo mmoja alikuwa mgeni wa kila aina. Tarehe 26 Juni 1976, mjini Tokyo, alipambana na mwanamieleka Antonio Inoki kwa raundi 15. Inoki alikaa chini au kulala chali kwa sehemu kubwa ya pambano, akimpiga mateke ya miguu. Hukumu ikawa sare, watazamaji wakachukizwa, na wengi hulihesabu pambano hilo kuwa kichekesho. Lakini miguu ya Ali ilivimba hata ikahitaji matibabu. Kwa kipimo cha burudani, Tokyo ilikuwa hasara na New York ya 1985 ilikuwa faida. Kwa kipimo cha wahenga mambo hupinduka: Tokyo mgeni alishika jembe, New York aliketi mkekani.

Baina ya miaka hiyo miwili kuna ziara ya tatu, nayo iligusa nchi hii. Februari 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Ali barani Afrika kuzishawishi serikali zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Wananchi walimshangilia bingwa, lakini Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuonana naye. Waandishi wa habari nao wakamuuliza: kwa nini Afrika iifuate Marekani, ilhali mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika ziliposusia Michezo ya Montreal, kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya ubaguzi, Marekani haikuwaunga mkono? Ali alikiri kwamba hakuwa ameelezwa habari hizo. Tanzania ilikwenda Moscow, na huko Filbert Bayi akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, Tanzania ilikuwa haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Wapo waliouona mlango ule uliofungwa kuwa ni utovu wa ukarimu. Hoja yao haiwezi kupuuzwa, kwani Ali alipendwa barani Afrika kwa haki, na hakuna aliyeshuku nia yake. Lakini aliyepelekwa mlangoni hakuwa Ali mwenyewe. Ulikuwa umaarufu wake, umebebeshwa hoja ya watu wengine. Mwenyeji ana haki ya kusema kwamba jina si hoja. Naye Ali hakutoka mikono mitupu. Aliulizwa swali, akabwagwa nalo mbele ya watu, akakubali kuwa amebwagwa. Hapakuwa na mtu aliyeanguka kwa niaba yake. Kukiri kwake kulimpa heshima ambayo ujumbe aliotumwa usingaliweza kumpa.

Ulingo ambao mgeni mashuhuri huingia si lazima uwe wa kamba na turubai. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa hupita Morogoro, huikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha hufika katika mji wa Mikumi wenyewe, ndani ya wilaya ya Kilosa. Huko, tarehe 25 Oktoba 2015, wapiga kura wa jimbo la Mikumi walimchagua Joseph Haule kuwa mbunge wao kwa tiketi ya Chadema. Wengi wao walikwisha kulijua jina lake jingine: Professor Jay, mmoja wa magwiji wa muziki wa kizazi kipya. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alikwisha kushinda Mbeya Mjini mwaka 2010. Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, akashinda Muheza mwaka 2020 kwa tiketi ya CCM. Na huko Uganda, Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, aliingia bungeni mwaka 2017.

Ni rahisi kuwafananisha hawa na wageni wa mieleka, na wapinzani wao hawakusita kufanya hivyo. Ufananisho huo una kasoro moja kubwa. Katiba ya Tanzania humruhusu kugombea ubunge raia aliyetimiza miaka 21, ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliye mwanachama wa chama cha siasa. Haimtaki awe wakili wala mkufunzi. Bunge halina fundi wake wa kuzaliwa. Kila raia ni mwenyeji humo. Basi mgeni yuko wapi? Mgeni ni umaarufu, si mtu. Haule raia alikuwa nyumbani, lakini Professor Jay ndiye aliyekuwa mgeni, na ndiye aliyefunguliwa mlango kwanza. Kazi ya maadili kwa mtu wa aina hiyo ni kumfanya yule mgeni ampishe mwenyeji haraka iwezekanavyo, ili siku ya tatu ikifika awepo wa kushika jembe.

Na jembe la Kilosa si jepesi. Hii ni wilaya ambayo Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Ni wilaya ambayo mafuriko ya mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yalibomoa makazi na kuharibu njia ya reli. Upande wa Mikumi, ng'ambo ya Ruaha Mkuu, kuna mashamba ya miwa, ambamo mkulima mdogo hungoja zamu ya miwa yake kufika kiwandani. Na kuna vijiji vilivyopakana na hifadhi, ambako tembo haulizi mipaka. Mambo haya hayana makofi. Hakuna mstari wenye vina unaoweza kuyamaliza, wala shangwe inayoweza kuyafunika zaidi ya siku mbili.

Kwa Haule kulikuwa na jambo la ziada, ambalo huenda ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2001 alitoa wimbo uitwao «Ndio Mzee», ambao humwigiza mwanasiasa mwenye kuahidi makubwa yasiyowezekana, huku umati ukiitikia kila neno. Taifa zima lilicheka. Miaka 14 baadaye mchekaji alipanda jukwaa lile lile alilolicheka, mbele ya umati wenye kuitikia. Wageni wa mieleka huja bila ya deni la maneno, lakini huyu alikuja na mizani aliyoichonga mwenyewe, na kila mwenye redio alikuwa nayo nyumbani kwake. Hilo ndilo lililo hatarini msanii anapoingia katika ulingo alioukosoa. Akishindwa, hapotezi kiti peke yake; hupoteza pia haki ya kicheko chake cha zamani, na pengine huwapotezea wasanii wa baada yake imani ya wasikilizaji.

Kuna lakini moja ambayo haifai kufichwa. Kuhatarisha jina lako ni jambo la heshima, walakini katika siasa si jina lako pekee lililo ulingoni. Katika mieleka aangukaye kwa ajili ya mgeni ni mwanamieleka aliyejifunza kuanguka, tena kwa malipo. Jimboni, mbunge asipofanya kazi, aangukaye ni mama angojaye zahanati na mkulima ambaye miwa yake inakaukia shambani, na hao hawakujifunza kuanguka wala hawalipwi. Kwa hiyo haitoshi mgeni kusema, «Nimekuja kwa moyo safi.» Usafi wa moyo ni wake, mgongo ni wa watu. Swali la kumwuliza si kama anapenda, bali ni nani atakayeumia akishindwa, na kama wale watakaoumia wana njia ya kumwondoa.

Njia hiyo ndiyo heshima ya kura. Oktoba 2020 kiti cha Mikumi kilikwenda kwa Dennis Londo wa CCM, katika uchaguzi ambao vyama vya upinzani viliyakataa matokeo yake. Vyovyote mtu auonavyo uchaguzi ule, unafundisha kwa njia mbili. Kwanza, jina kubwa halikuwa ngao, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Pili, mizani inayompima mgeni sharti iaminiwe na wote waliozunguka duara, ama sivyo hata mwenyeji aliyeshinda hawezi kuionea fahari haki yake. Baadaye Haule aliugua mafigo na kulazwa kwa muda mrefu katika hospitali ya Muhimbili, na alipopata nafuu alianzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Hapo hapakuwa na kiti cha kugombea. Maradhi hayana mgeni rasmi. Kila ayaingiaye huingia mtu, na jina lake hubaki mlangoni pamoja na viatu.

Umaarufu basi si dhambi, wala mlango unaofunguliwa kwa ajili yake si rushwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali nyingine, na kweli wapo wenyeji waliopona kwa kuja kwa mgeni: wanamieleka waliopata watazamaji wapya, na vijana wa Kilosa waliosikiliza siasa kwa mara ya kwanza kwa kuwa msemaji alikuwa sauti waliyoizoea. Lakini mwenyeji huponywa na mgeni akubaliye kupewa fimbo sawa na ya wengine, ajibuye kwa mizani ya nyumba, na abwagwapo huanguka kwa mgongo wake mwenyewe. Mwenye kutaka mkeka bila jembe aambiwe kwa upole, kama ilivyo desturi ya watu wastaarabu, kwamba siku zake mbili zimetimia.