Kuna Mkono wa Mtu?

Kansa ikiingia nyumbani, watu wetu hawachelewi kuuliza: hapa hakuna mkono wa mtu kweli? Jirani hutazamwa, na mke aliyeolewa juzi hutazamwa zaidi. Sisi tuliosoma hatumtaji mchawi, lakini tunauliza mgonjwa alikuwa akila nini, na sauti ni ileile. Msiba usio na mkosaji hatuuwezi.

Mwaka 1954, huko Uingereza, Peter Armitage na Richard Doll walitazama takwimu za vifo vya kansa wakaona kwamba, kwa aina nyingi, vifo hupanda karibu na kipeo cha sita cha umri. Yaani umri ukiwa mara mbili, hatari huwa kama mara 64. Wakakisia kwamba mabadiliko kama saba sharti yafuatane katika seli kabla haijaasi. Seli hugawanyika na kunakili jeni zake maisha yote, na mwenye kunakili sana hukosea. Karani yeyote analijua hilo.

Lakini hesabu inayonigusa zaidi ni ya Alfred Knudson wa Marekani, ya mwaka 1971. Alichunguza watoto 48 waliokuwa na kansa ya retina. Wenye ugonjwa katika macho yote mawili waliugua mapema kuliko wa jicho moja. Alipochora umri wao kwenye grafu, kundi la kwanza lilionekana kana kwamba lilingoja ajali moja tu, na la pili ajali mbili. Akahitimisha kwamba mapigo mawili yanahitajika, na kwamba wale wa kwanza walizaliwa pigo moja wakiwa nalo tayari. Jeni lenyewe lilipatikana mwaka 1986.

Sasa nani alaumiwe? Mtoto hakufanya neno. Mzazi aliyemrithisha, kama alimrithisha, hakuchagua, na lawama bila hiari ni uonevu mtupu.

Nasema hivi nikijua kuna watakaodakia kwamba ajali haina kinga, hasa wauza sigara. Wasikimbilie huko. Doll huyohuyo, pamoja na Austin Bradford Hill, alichapisha mwaka 1950 ushahidi unaohusisha sigara na kansa ya mapafu. Moshi huongeza makosa katika seli, na anayeuuza akijua hilo ana hiari kamili.

Mama wa mtoto yule bado atauliza kwa nini wake, na grafu haitamjibu. Ila inasema jambo moja lisilongoja: mzazi akiwa na pigo lile katika jeni zake, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi, na uvimbe ukionekana mapema hutibika. Wakwe wanaendelea kumjadili mke, na mdogo wake mgonjwa hajapelekwa kupimwa macho.