Tiba ya Aliyeumia Kazini: Sadaka au Deni?

Tumeulizwa: mpishi wa chuo kikuu mjini Machakos akiungua jikoni kazini, gharama za tiba yake ni juu ya nani? Wengi hukimbilia harambee. Kuchanga ni wema. Lakini wema wetu usiwe pazia la kufichia deni la mwengine. Wanavyuoni wa fiqhi wameshika kanuni kwamba mwenye kupata faida ndiye mwenye kubeba hasara. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya majeraha ya kazini yamlazimisha mwajiri kulipa tiba, ya profesa na ya mfagiaji sawasawa. Basi hilo ni deni, si sadaka. Nawe mfanyakazi usinyamaze: ajali asiyoarifiwa mwajiri ndani ya miezi 12 huweza kukupotezea haki. Adaiye haki yake si mwombaji.