Gazeti la Michezo Lisilo na Simba Wala Yanga

Mama mkubwa ndiye aliyelianzisha zogo lote. Binamu yangu, mwanawe wa pekee, alikuja likizo Desemba iliyopita kutoka Leicester, Uingereza, anakobeba maboksi ghalani zamu ya usiku. Begi lilipofunguliwa pale sebuleni Magomeni, badala ya kutangulia sabuni na mashati, yakatangulia magazeti. Rundo zima! Mama mkubwa akaokota moja, akalitazama jalada: jitu limevaa deraya, limeshika shoka, macho mekundu.

"Hili gazeti la nini?"

"La michezo, mama."

Akafunua kurasa tatu nne, akalirudisha kitini. "Gazeti gani la michezo lisilo na Simba wala Yanga?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini swali lililofuata halikuchekesha mtu. Aliuliza: "Shilingi ngapi?"

Ndugu msomaji, ni hilo swali la pili ninalotaka tulitafakari pamoja. Ila kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana najua wengi wetu tumekulia bao, karata na drafti, na siku hizi simu. Kuna michezo ya mezani ambayo watu hukusanya vijisanamu vya askari, majitu na mashetani, wakavipaka rangi kwa brashi nyembamba kama ukope, kisha wakavipiganisha mezani kwa kurusha dadu. Ipo na mingine ambayo hata vijisanamu si lazima: mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa ndani ya hadithi yake, dadu inaamua nani kapona nani kafa. Dungeons & Dragons ndiyo inayojulikana zaidi. Wapenzi wa mambo hayo Uingereza wana jarida lao, White Dwarf, linalotolewa na kampuni ya Games Workshop. Lilianza mwaka 1977, mhariri wake wa kwanza akiwa Ian Livingstone, bei peni 50.

Peni 50 za wakati ule ukizileta kwenye hela ya leo ni pauni tatu hivi. Kwa hiyo kupanda kwa bei peke yake si kesi, kila kitu kimepanda, hata maandazi. Kesi ni Februari 2014. Mwezi huo jarida lilipasuliwa vipande viwili. White Dwarf yenyewe ikawa kijarida chembamba cha kila wiki, pauni 2.40. Pembeni likazaliwa jingine la kila mwezi, Warhammer Visions, picha tupu, maneno ya kutafuta kwa tochi, pauni 7.50. Anayetaka yote mawili, kwa mwezi wa wiki nne, analipa pauni 17.10. Ilipofika Septemba 2016 wakarudi walikotoka: jarida moja kwa mwezi, pauni 5.99.

Mama mkubwa alipoelezwa hayo hakuhitaji kalamu. "Mafuta ya kupima," akasema.

Na kweli, si ndiyo hesabu tunayoishi nayo uswahilini? Mwenye hela ananunua dumu la lita tano, anakaa nalo mwezi. Asiye nayo anatuma mtoto na kikombe, leo kijiko, kesho kijiko, na mwezi ukiisha kijiko kimemla kuliko dumu lingemla. Bei ndogo haikuibi mara moja. Inakuomba ruhusa kila Jumamosi, na kila Jumamosi unaona aibu kukataa kitu kidogo namna hiyo. Sidhani kama waliopanga bei ile walikuwa na nia mbaya, pengine walitaka tu habari ziwafikie watu haraka. Lakini matokeo hayaulizi nia.

Kisha Mama mkubwa akapiga hesabu nyingine, hii ikauma. Mwaka 2014 pauni moja ilikuwa shilingi 2,700 hivi. Pauni 17.10 ni zaidi ya elfu arobaini kwa mwezi. "Mwaka huo," akasema taratibu, bila kumtazama mwanawe, "bibi yako alikuwa anaruka siku kwenye dawa za presha ili zifike mwisho wa mwezi."

Kimya. Feni tu ndiyo inasema.

Hapa wanafalsafa wa vijiweni watagawanyika. Wa kwanza atasema: anasa ni anasa, mwenye ndugu mgonjwa hana haki ya gazeti. Mimi hilo silikubali, maana ukilifuata mpaka mwisho hakuna atakayesoma kitabu wala kwenda mpirani hapa mjini, wagonjwa hawaishi. Wa pili atasema: hela yake, jasho lake, mwacheni. Na hilo nalo silikubali, mtu aliyesomeshwa kwa mchango wa ukoo hana jasho lililo lake peke yake. Ila wote wawili wanazungumza kana kwamba tayari tunajua kitu kilichonunuliwa ni kitu gani. Tunakijua?

Binamu akajitetea, na utetezi wake sikuutarajia. Hakusema gazeti lilikuwa zuri. Alisema, "Mama, nilikuwa sina mtu." Zamu inaisha alfajiri, chumba ni baridi, wenzake ghalani kila mmoja na lugha yake. Jumamosi gazeti linatoka. Anaingia dukani kulichukua, anamkuta mwingine naye kaja kulichukua, wanabishana juu ya jeshi lipi limependelewa na kanuni mpya. Nusu saa ya kuongea na binadamu. Pauni 2.40, alisema, ilikuwa bei ya hiyo nusu saa, na ilikuwa rahisi.

Nikamuuliza, "Kaka, zile meza za kuchezea pale dukani, kukaa ni shilingi ngapi?"

Akanyamaza, akatabasamu. "Bure."

Basi. Kampani aliyokuwa anailipia haikuwa ndani ya gazeti. Gazeti lilikuwa kisingizio cha kuingia mlangoni. Simcheki, maana hata mimi nimewahi kununua soda nisiyoitaka ili nipate kukaa mahali. Lakini ukishalitambua hilo unaweza kuuliza swali la haki zaidi: ukiondoa upweke wa mnunuzi, gazeti lenyewe linabaki na nini?

Nililisoma rundo lile usiku mbili. Yale ya kila wiki ya 2014, nasema kweli tupu, yalikuwa mazuri kwa macho, picha bomba, rangi inang'aa. Lakini kila ukurasa uliniambia kitu kimoja kwa sauti mbalimbali: kimetoka kipya, kanunue. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 jarida lile limejifunga kwenye bidhaa za kampuni yake yenyewe. Dirisha la duka ni halali, na hata kulitazama ni raha. Ila dirisha la duka Kariakoo sijawahi kudaiwa kiingilio.

Chini kabisa ya rundo palikuwa na kitu kingine. Toleo la 12, la mwaka 1979, karatasi imegeuka rangi ya chai. Binamu alilipata kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani, akamtoa pauni nane. Hesabu hiyo ichekesheni mnavyotaka: gazeti la peni limegharimu zaidi ya yale matatu ya wiki yakijumlishwa. Ndani kurasa nyeusi na nyeupe, michoro mingine ya mkono wa mwanafunzi. Na wanafunzi kweli walikuwamo. Palikuwa na safu iitwayo Fiend Factory, kiwanda cha mazimwi kwa lugha yetu, ambamo wasomaji walituma viumbe waliowabuni wenyewe, nguvu zao, udhaifu wao, pa kuwakuta. Ukisoma leo, kesho unamtumia zimwi huyo mezani kwako bila kununua kitu kingine chochote.

Katika toleo hilo la 12 kuna viumbe waitwao githyanki. Aliyewabuni ni Charles Stross, aliyezaliwa Oktoba 1964. Pigeni hesabu: hajafikisha hata miaka 15. Jina alilichota kwenye riwaya ya George R. R. Martin, mengine akajaza mwenyewe. Mwaka 1981 githyanki wakatokea kwenye jalada la kitabu cha mazimwi, Fiend Folio, cha Dungeons & Dragons. Mwaka 2023 mmoja wao akawa mhusika mkubwa katika mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3. Na yule kijana? Alikuja kuwa mwandishi wa riwaya, akatwaa tuzo ya Hugo.

Washikaji mnaonisoma na mna madaftari yamejaa hadithi chini ya godoro, hebu niambieni: nafasi ile ilikuwa na bei gani? Mtoto wa shule aliyetoa peni zake alikuwa ananunua karatasi, na humo ndani ya karatasi palikuwa na mlango ulio wazi. Hilo la 2014 lilikuwa na kioo safi sana, lakini upande wa msomaji palikuwa na kazi moja tu, kulipa. Ndiyo maana naona pauni 2.40 ilikuwa ghali na pauni nane za mzee yule zilikuwa halali. Binamu hakubaliani nami moja kwa moja. Anasema hili la mwezi analinunua bado, si kila mara, na kwamba mimi nahukumu kwa sababu mimi naandika, yeye hana haja ya mlango, yeye anataka kupaka rangi tu apumzike. Ana haki. Sina jibu zuri.

Tena nisije nikawasifia wazee wa zamani kupita kiasi. Kule Marekani Dragon, jarida la Dungeons & Dragons lililoanza 1976, lilifikia mwisho wake wa karatasi 2007, na hakikuwa kisa cha bei: mwenye mchezo hakuongeza leseni, ikawa basi. Linaloishi kwa idhini ya mwenye duka, lina mlango au halina, funguo si zake.

Mama mkubwa hakutoa hukumu. Siku ya kuondoka alimfungia mwanawe dagaa na korosho, yale magazeti ya wiki akayaacha kwetu, watoto wameshayakata picha wakabandika ukutani. Toleo la 12 nilikabidhiwa mimi, nililinde na mende.

Nimelilipa. Nimeandika zimwi moja, linakaa chini ya daraja la Jangwani, linaamka Msimbazi ukifurika, halili mtu bali linakula njia ya kurudi nyumbani. Maneno mia mbili na kumi, pamoja na udhaifu wake. Binamu alilitumia mezani Leicester Jumamosi moja. Ameniandikia kwamba liliwamaliza wawili, na wa tatu anauliza lina ndugu.