Bandari ni ya taifa, vumbi ni la Kurasini

Wiki hii nilikwama Bendera Tatu ndani ya daladala ya Mbagala. Mbele yetu malori ya makontena yalikuwa yamejipanga bila dalili ya kusogea, mengine yana namba za Zambia, mengine za Kongo, na utingo mmoja alikuwa ameshashuka ananunua mahindi ya kuchoma kama mtu aliyefika nyumbani. Kijana aliyekaa dirishani, shati limenyooka na kitambulisho cha kazini kikining'inia shingoni, alikuwa anaongea na simu kwa sauti ya kutaka abiria wote tujue anafanya kazi ya maana.

"Mimi ningekuwa na uwezo, Kurasini yote ningeisafisha," alisema. "Bomoa, weka yadi za makontena, basi. Pale hakuna kitu. Watu wamejibana tu."

Mama mmoja mtu mzima, kikapu mapajani, alimsubiri mpaka akakata simu.

"Mwanangu, hujambo?"

Kijana akashtuka. "Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilitaka kukuuliza tu. Hayo makontena unayotaka kuyaweka, yatashushwa na nani?"

Konda akadakia mlangoni: "Yatajishusha yenyewe mama, ya kisasa hayo!" Daladala nzima ikacheka. Mama hakucheka. Alieleza, kwa upole wa mtu asiyetafuta ugomvi, kwamba marehemu mumewe alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, kwamba watoto wao wote walizaliwa Kurasini, na kwamba pale ilipokuwa sebule yake leo yanaegeshwa malori. Kijana akasema, "Pole, mama." Mama akajibu, "Nimeshapoa." Akashuka Mtoni kwa Aziz Ali, nasi tukaendelea na safari.

Lakini maneno ya yule kijana hayakushuka naye kituoni kwake. Nimelala nayo na kuamka nayo. Hakuwa mtovu wa adabu, na alipoambiwa alisikia. Kinachonikera ni kwamba alisema kwa sauti jambo ambalo wengi wetu tuliosoma tunaliamini kimyakimya: kwamba kuna sehemu za mji zenye historia na sehemu nyingine za kupita tu, na Kurasini ni ya kupita.

Basi tuanze na maji, kwa sababu mji huu ulianza na maji. Pale kati ya Magogoni na Kigamboni bahari inaingia nchi kavu kwa mlango mwembamba kama shingo ya mtungi. Ukishaupita, maji yanatanuka, yanakunja kuelekea kusini, yanaipitia Kurasini na kwenda kuipokea mito ya Kizinga na Mzinga. Iwe msimu wa kusi au wa kaskazi, meli ikishatia nanga humo ndani imetulia. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliliona hilo katika miaka ya 1860, akaanza kujenga kando ya kijiji cha Mzizima. Majid akafariki mwaka 1870, nduguye Barghash hakuwa na hamu na mji ule, na majengo yakabaki yakiota majani.

Wakati huo mwenye jina alikuwa Bagamoyo. Misafara ya pembe ilikuwa inaishia kwake, matajiri walikuwa wake. Lakini ufuko wa Bagamoyo ni wa maji mafupi. Jahazi linaridhika nao, meli ya moshi inalazimika kukaa mbali. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka hapa kwenda bara. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Vita vilipozuka mwaka huohuo, Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea katika ule mlango mwembamba ili Waingereza wasiingie. Walijua kwamba mwenye kuushika mlango ule ameushika mji.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Mpeleke mgeni mjini, utamwonyesha Azania Front na mnara wake, kanisa la Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale la enzi za Majid, na Ikulu ukiitazama kwa mbali. Atapiga picha na kuondoka akiamini ameiona bandari na historia yake. Ukweli ni kwamba ameona mahali walipokaa wakubwa wakiitazama bandari. Mahali ilipofanywa kazi hajafikishwa.

Kazi imefanywa upande wa pili, kuanzia Gerezani kwenda Kurasini. Gati za kwanza za kina kirefu zilifunguliwa mwaka 1956. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, mzigo ukateremshwa kwenye matishari, matishari yakavutwa mpaka ufukweni, na kutoka hapo ni mabega ya watu. Katani, pamba na kahawa, kila gunia la bara lililopitia hapa kwenda Ulaya lilipita juu ya bega la mtu aliyeajiriwa kwa siku, aliyefika getini alfajiri bila kujua kama ataitwa. Asiyeitwa alirudi nyumbani mikono mitupu na kesho yake akafika tena.

Watu hao waligoma mwaka 1939. Waligoma tena Septemba 1947, na safari hiyo moto ulipanda reli: mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam ukafuata Reli ya Kati mpaka miji ya bara. Wakaunda chama chao, na Abdulwahid Sykes, ambaye historia ya TANU haiwezi kuandikwa bila yeye, alikuwa katibu wake. Mwaka 1950 wakagoma mara nyingine, serikali ya kikoloni ikatumia nguvu na chama kikavunjwa. TANU ilizaliwa miaka minne baadaye. Watoto wetu wanakariri Julai 7, 1954 kama siku taifa lilipoamka usingizini. Wabeba mizigo walikuwa macho zamani.

Na wale Wakongo waliotuziba njia Bendera Tatu? Tuliwasonya kana kwamba wamekuja jana. Mwaka 1921 Uingereza ilikubaliana na Ubelgiji kuipa eneo lake hapa bandarini na jingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kizuizi. Kwa hiyo yule utingo na mahindi yake ana haki ya kujisikia yuko nyumbani. Zambia nayo ilikuja kwa shida: Waziri Mkuu Smith wa Rhodesia alipojitangazia uhuru wake mwaka 1965, njia ya kusini ikawa ya mashaka, na Rais Kaunda akageukia huku. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, na mwaka 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA ukaanza. Jirani aliyefungiwa mlango alifunguliwa mwingine, na mlango huo ulikuwa hapa.

Hapohapo Kurasini Frelimo, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, ilikuwa na Taasisi ya Msumbiji, ikisomesha vijana wake huku vita vikiendelea kwao. Na mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji huru zikaanzisha Kurasini chuo kinachofundisha wanadiplomasia mpaka leo. Ukiongeza Baraza la Maaskofu na chuo cha polisi, unapata kata ambayo imepita mikononi mwa kila aliyetaka kuijenga nchi hii. Halafu mtu anashika simu na kusema pale hakuna kitu.

Najua utakachoniambia. Utasema, "Mwandishi, historia haishushi kontena. Meli zinakua, bandari zinashindana, na nchi sita zinatutegemea. Unataka tusimamishe gati kwa ajili ya vibanda vya mtaa wa Shimo la Udongo?"

Sitaki. Gati namba 1 hadi 7 zimechimbwa kufikia kina cha meta 14.5 kwa sababu meli za leo haziingii kwenye maji ya mwaka 1956, na mwenye akili hawezi kulilia maji mafupi; Bagamoyo iko pale kutukumbusha. Bandari inahitaji ardhi nyuma ya gati, na ardhi iliyo nyuma ya gati ni Kurasini. Hilo nalikubali bila kinyongo. Hata Daraja la Nyerere, lenye meta 680, lililofunguliwa Aprili 2016 na kuiunganisha Kurasini na Kigamboni, lilihitaji mahali pa kukanyaga.

Utaongeza, "Na wamelipwa fidia." Baadhi wamelipwa, ndiyo. Lakini fidia kwa kawaida humtafuta mwenye nyumba. Inapima ukuta, inahesabu minazi, inatazama hati. Mpangaji wa chumba kimoja haimwoni. Mama ntilie aliyewalisha makuli kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi haimwoni, na daftari lake la madeni halikubaliki mahali popote. Anayehamishiwa mbali na geti amepoteza nyumba pamoja na kazi, kwa sababu kibarua wa bandari anaishi kwa kuwa karibu. Ukimhamishia Mbagala ya ndani, nauli ya kwenda na kurudi inakula sehemu ya ujira kabla hajanunua unga.

Mwaka 2023 nchi nzima ilikuwa na utaalamu wa bandari. Vijiweni, misikitini, makanisani na bungeni tulibishana kuhusu kampuni ya Dubai, mkataba, miaka na mamlaka ya nchi. Ulikuwa mjadala wa haki, na sijutii dakika niliyoitumia. Lakini katika yote niliyosikia, waunga mkono na wapingaji, sikumbuki aliyeuliza habari za wanaoishi kwenye ukuta wa bandari yenyewe. Wote tuligombea mapato. Malori yanayoharibu barabara ya mtaa, moshi wa injini zisizozimwa usiku kucha, mitaro iliyojaa, hayo hayakuwa na mgombeaji.

Na nisiwasemee watu wa maendeleo peke yao. Wapo wenzangu wapenzi wa mambo ya kale, ambao jumba la zamani likibomolewa mjini wanaandika kwa machozi. Nawaheshimu, na mara nyingi wana haki. Lakini sijawaona wakiililia Kurasini, kwa kuwa haina milango ya nakshi wala roshani za kuning'inia. Urithi tunaoutetea ni ule unaopendeza kwenye picha. Nyumba ya bati ya kuli aliyegoma mwaka 1947 haina mtetezi, ingawa yeye ndiye aliyetufundisha kumwambia bosi hapana.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bandari ni kazi ya kupokea wageni usiku na mchana. Lakini hapa kwetu mgeni anapokewa, anapakua, anapakia na kuondoka salama, na mwenyeji ndiye anayeambiwa apishe.

Je, inawezekana bandari ikakua bila mtaa wake kufutika? Wenye kujua mipango miji watanijibu. Mimi nina rai zangu. Sehemu ya kinachokusanywa bandarini ibaki Kurasini na irudi kwa jina lake: mitaro, taa, zahanati, barabara ya kupita mtoto wa shule bila kukwepa matairi. Kabla nyumba nyingine haijawekewa alama ya X, atumwe mtu mwenye kinasa sauti akawasikilize wazee waliomo, na sauti hizo ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Temeke anaweza kuzikuta. Shule za sekondari za wilaya hii zifundishe mgomo wa 1947 kama habari ya babu zao. Na pale kwenye geti la bandari pawekwe kibao kimoja tu, cha Kiswahili, kinachowataja waliobeba mizigo ya nchi hii kabla ya winchi. Gharama ya kibao hicho haifikii bei ya tairi moja la lori.

Watakaosema haya ni mambo madogo wajiulize kwa nini basi hayajafanyika.

Nchi inayokula kwa bandari ina deni Kurasini, na wanaodai wanazidi kupungua. Kama una baba, babu au mjomba aliyewahi kupakua meli pale, usingoje mtafiti wala tume. Mwamkie, kaa naye Jumapili hii, muulize alikaa mtaa gani, aliitwaje getini, alilipwa kiasi gani, na uandike anachokujibu.